Fanusi ya Mkono na Fanusi ya Dukani

Krismasi si sikukuu yetu, wala leo simwiti mtu kuisherehekea. Nazungumzia taa zake, hasa taa za watu wasio na fedha nyingi, kwani mna jambo linalotuhusu sisi tunaotundika taa mitaani kwa Maulidi na Idi.

Tuanzie Ufilipino. Huko Wakristo hutengeneza fanusi ya umbo la nyota iitwayo parol. Fundi hupasua mwanzi, akazifunga fito zikawa nyota mbili za pembe tano, akazitanua katikati kwa vijiti, kisha akazivika karatasi ya shashi. Zamani ndani mlitiwa mshumaa. Sasa hutiwa balbu. Mwenye uwezo hutumia magamba ya chaza yapitishayo nuru. Asiye nacho hutumia chupa za plastiki na mirija ya kunywea soda. Zote hutundikwa nje, na zote huitwa parol.

Katika mji wa San Fernando, mkoani Pampanga, kaskazini ya Manila, ufundi huu umekuwa mashindano. Kila Disemba vijiji huleta fanusi zenye kimo cha futi 20 hivi, zenye maelfu ya balbu zinazowaka na kuzima kwa kufuata muziki. Utadhani mna mtambo wa thamani. La hasha! Nyuma yake mna mapipa ya chuma yanayozungushwa kwa mkono. Nyaya za taa huishia kwenye vibanio vya nywele vinavyoligusa pipa. Palipo chuma kitupu umeme hupita, taa ikawaka; palipobandikwa utepe wa gundi, ikazima. Fundi hupanga tepe zake kama mshairi apangavyo mizani.

Na umeme je? Tupige hesabu. Balbu 100 za kizamani za wati 5, zikiwashwa saa 5 kila usiku, hula uniti 2.5. Balbu 100 za LED za nusu wati hula robo ya uniti. Kwa usiku 30, ni uniti 75 kwa zile na 7.5 kwa hizi. Basi nuru rahisi imekwisha kupatikana, na si haba.

Lakini urahisi una pande mbili. Itazameni Cairo. Fanusi ya Ramadhani, na neno letu hili ni lao lilo hilo, ilitengenezwa kwa bati na vioo vya rangi katika vikarakana vya mtaa wa Taht al-Rab'. Likaja wimbi la fanusi za plastiki kutoka China, zenye betri na nyimbo, kwa bei ambayo fundi wa bati haiwezi. Mwaka 2015 serikali ya Misri ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Naiona haki ya amri ile. Lakini forodha haimfundishi kijana kukata bati. Kinachomfundisha ni mtaa unaoitaka kazi yake. Hilo ndilo San Fernando wanalo: kijiji hakikubali kushindwa na kijiji jirani, kwa hiyo mtoto hukua akimshikia baba yake koleo.

Sisi je? Twanunua mikufu ya taa dukani, mwaka wa pili imekufa, twatupa, twanunua tena. Fedha imekwenda, na hakuna aliyejifunza kitu. Ilhali wapo mafundi wetu wa bati wanaogeuza makopo kuwa vibatari, na fito hazijatuishia. Nani atazuia mitaa ya Mombasa, Lamu na Malindi ishindane kwa fanusi za Maulidi, watoto wa madrasa wakifunga fito na fundi wa umeme akiunga nyaya?

Nasema fundi, kwa sababu waya wa ndani ukitundikwa nje kwenye mvua waweza kuua. Na akiba isiwe ya kuunga waya kwenye nguzo usiku. Huo ni wizi, na Maulidi hayapambwi kwa mali ya wizi.

Alhasili, fanusi ya dukani yaweza kuwa rahisi leo. Ya mkono hukuachia fanusi, na fundi wa kutengeneza ya mwakani. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu bado uko; tuukung'ute vumbi.