Harufu ya Ndizi Ndani ya Chupa ya Wadachi

Ndugu msomaji, kabla hujalikunja gazeti hili na kwenda kunisemea barazani, nipe nafasi nijieleze. Bia sijaionja, wala sina nia ya kuionja. Nimelelewa chuoni, kwa ubao na wino wa masizi, na mwalimu wangu alikuwa na bakora iliyomjua kila mmoja wetu kwa jina. Lakini mwezi uliopita nilikaa meza moja na vijana walioinunua bia ya Ujerumani, wakaifungua, wakaionja na kuijadili kama sisi tunavyojadili pilau ya arusi, nami nimerudi na jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani kuliko linavyowahusu wao.

Mahali penyewe ni Ekerenyo, mji mdogo wa soko katika Mugirango Kaskazini, kaunti ya Nyamira. Kuna rafiki yangu tuliyesomesha naye Mombasa kwa miaka mingi, Mkisii wa huko huko, ambaye amestaafu na kurudi kwenye chai na migomba yake. Alikuwa akinialika kila mwaka nami kila mwaka nikimpa udhuru. Safari hii nikapanda basi la usiku, nikashuka Kisii mjini asubuhi mifupa ikilia, nikakuta kijana wa nduguye ananingoja na gari.

Kijana huyo anafanya kazi ya kuuguza wazee Ujerumani, na alikuwa nyumbani kwa likizo. Kabla ya kuelekea Ekerenyo aliniomba radhi, akasimama mbele ya duka la vileo. "Omogaka, nisubiri dakika tano," akasema. Omogaka ndilo neno lao la heshima kwa mtu mzima, nami nilipendezwa nalo hata nikasahau kuuliza anakwenda kununua nini. Dakika tano zikawa ishirini. Nikashuka kunyoosha miguu, nikachungulia.

Muuzaji alikuwa nyuma ya nondo kama mfungwa. Mbele zilipangwa chupa za hapa nchini, na juu kabisa, mabegani zimelaliwa na vumbi, zilikuwapo za Wadachi. Kijana alikuwa akizishusha moja moja, anazigeuza, anatafuta tarehe ya kuharibika, anaziinua kwenye mwanga. Mbili alizikataa. Bei ya chupa moja aliyoichukua ingetosha kununua mkungu wa ndizi wa kulisha nyumba. Sikusema neno. Nilikumbuka tu mama yangu alivyokuwa akichagua samaki Forodhani, akifunua mashavu, akibonyeza, akitia hasira wavuvi.

Mdachi, kwa hakika, si mgeni kwetu. Lamu ilikuwa na posta ya Wajerumani kuanzia 1888 mpaka 1891, na Witu ilikuwa chini ya ulinzi wao mpaka 1890. Vita vyao vya Mrima vilitungiwa utenzi na Hemedi bin Abdallah. Walipoondoka walituachia maneno mfukoni na darasani: hela ni Heller yao, iliyoanza kutumika upande wa Tanganyika mwaka 1904, na shule ni Schule. Kisii nako wanawakumbuka kwa namna yao. Septemba 1914 askari wa Wadachi waliingia mji huo kutoka upande ambao leo ni Tanzania, wakapigana na Waingereza, kisha wakarudi walikotoka. Sasa wamekuja tena wakiwa ndani ya chupa, na safari hii wanalipiwa.

Rafiki yangu ni Msabato, na Msabato wa kweli hanywi kama tusivyokunywa sisi. Nyumbani kwake hapaingii tone. Kwa hiyo shughuli ilifanyika jioni ya Jumapili kwa kijana, ng'ambo ya ua. Nilisali magharibi chumbani kwa mwenyeji wangu. Sisi Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini moja kwa moja, lakini huko kibla huinama kidogo mashariki, na Msabato yule ndiye aliyenishikia dira. Kisha wazee wawili tusiokunywa tukavuka ua kwenda kutazama wanaokunywa, yeye akiwa na chupa yake ya chai kwapani.

Vijana walikuwa wanne. Yule wa Ujerumani ndiye aliyekuwa imamu wa shughuli, Mungu anisamehe kwa mfano huo. Aliwaeleza kwamba mwaka 1516 mtawala wa Bavaria alitoa amri kuwa bia itengenezwe kwa shayiri, maji na hopsi peke yake, hopsi yenyewe ikiwa ni maua machungu ya mmea utambaao. Hamira haikutajwa, kwani wakati huo hawakuijua kazi yake. Na moja ya sababu za amri ile, akasema, ilikuwa kuilinda ngano isiishie mapipani watu wakakosa mkate.

Hapo rafiki yangu akatikisa kichwa. Wakisii nao wana pombe yao ya asili, amarwa, ya kimea cha wimbi, ambayo wazee waliinywa kwa mirija mirefu wakiwa wamezunguka chungu kimoja. "Bibi yangu alikuwa akigombana na babu kila mavuno," akasema. "Wimbi gani la uji, na wimbi gani la chungu?" Basi mtawala wa Bavaria na bibi wa Mugirango walikuwa na kesi moja.

Kisha ikafunguliwa chupa ya aina iitwayo Weissbier, yaani bia nyeupe, ambayo hutengenezwa kwa ngano nyingi. (Ndiyo, ngano ile ile. Watawala walikuja kujiachia wenyewe haki ya kuitumia na kuiuza, kama watawala wafanyavyo.) Ilimwagwa polepole kwenye bilauri ndefu, ikapanda povu, na kijana mmoja asiyetoka hapo kijijini akainusa, akaishusha, akainusa tena.

"Hii ina ndizi," akasema.

Wote wakacheka isipokuwa yule wa Ujerumani. Akasema ni kweli inanukia ndizi, lakini ndani hamna ndizi hata punje. Ni hamira ya aina hiyo ya bia ambayo ikichacha hutoa harufu ile ile iliyomo katika ndizi mbivu. Wadachi huisifu bia hiyo kwa harufu hiyo.

Nikatazama nje. Migomba ilikuwa imesimama mpaka chini bondeni. Chini ya ukuta wa nyumba ulilala mkungu ulioiva hata kuanza kupasuka, kuku wanaudonoa. Na ndani tulikuwa na vijana wanne waliotoa bei ya mkungu mzima kwa kila chupa ili wainuse ndizi ya Bavaria. Nilisema hivyo kwa sauti, kwa ulimi wa kishairi usiojua adabu ya mgeni. Walicheka, lakini mmoja akanijibu jibu ambalo sijalisahau: "Omogaka, ya hapa tulifungwa kwayo."

Alikuwa na haki. Wakati wa ukoloni Mwafrika alizuiwa kwa miaka mingi kununua bia ya chupa ya Mzungu, huku pombe yake ya chungu ikiandamwa kwa leseni na kwa askari. Baada ya uhuru mambo hayakugeuka sana. Sheria ya kupiga marufuku chang'aa ilipitishwa 1980 na haikuondoka mpaka sheria mpya ya vileo ya 2010. Simtetei mpika chang'aa, aliyewapofusha na kuwaua wengi. Lakini mtoto aliyeona nyanya yake akikimbia na chungu kichwani, na tajiri akipita na kreti mbele ya polisi yule yule, amefundishwa na serikali kwamba kosa si ulevi, kosa ni chombo. Tusishangae akiwa mkubwa akaitafuta lebo ya mbali kuliko zote.

Nasi wa pwani tusijitoe kama maji safi. Mnazi wetu umegemwa miaka yote, na neno tembo kwetu limebeba mnyama na kinywaji tangu zamani. Huko bara mnyama huyo aliingia chupani kwa njia ya msiba: kiwanda cha bia kilianzishwa Nairobi 1922, mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, akauawa na ndovu mwindoni, na bia yao ikaitwa Tusker. Na wale kwetu wasiogusa tembo wala bia hutafuna muguka mpaka alfajiri, ijapokuwa kaunti ya Mombasa ilijaribu kuupiga marufuku mwaka 2024, tukaishia mahakamani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonitoa usingizi. Yule kijana alikuwa amenifikiria. Alileta chupa mbili zilizoandikwa alkoholfrei, akaziweka mbele yangu kwa mikono miwili: "Hii haina kileo, Omogaka. Waislamu wengi kule wanakunywa."

Niliwahi kukaa Bonn wiki sita kwa mafunzo, na Kijerumani changu ni cha kusomea lebo tu. Nikaisoma. Kwa Mdachi, neno alkoholfrei halina maana ya sifuri. Sheria yao inaruhusu kinywaji kiitwe hivyo kikiwa na kileo mpaka nusu kwa mia. Zipo nyingine zilizoandikwa 0,0, na hizo ni habari tofauti. Nilimweleza, naye akaona haya, kwa kuwa ameishi huko miaka minne na hajawahi kuambiwa.

Na je, wangapi kwetu wameambiwa? Vinywaji hivi vya kimea vimetujia kwa njia ya Ghuba, mikononi mwa vijana wetu wanaofanya kazi huko. Mwaka jana nilihudhuria nikahi moja Kisauni ambapo chupa za kijani zilipangwa kwenye jamvi badala ya sharubati, watoto wanagonganisha chupa na kusema maneno waliyoyaona kwenye filamu. Mzee mmoja aliinuka akaondoka kabla ya halua. Vijana wakamwita mshamba.

Hoja ya vijana naijua. Ndizi iliyoiva mno ina kileo chembe, mkate una chembe, siki ina chembe. Ni kweli, na wapo maulamaa wanaoruhusu kile kisicholevya hata kikinywewa pipa. Mimi si mufti, ni mtunga mashairi, na fatwa siitoi. Lakini najua kusoma mpangilio wa maneno. Pombe haikukatazwa kwa siku moja: kwanza Al-Baqara aya ya 219 ilipima dhambi yake na manufaa yake, kisha An-Nisaa aya ya 43 ikamzuia mlevi na sala, ndipo Al-Maida aya ya 90 ikaufunga mlango. Watu walitolewa katika mazoea hatua kwa hatua. Mimi naona meza ile ya Kisauni inazishuka ngazi hizo hizo kurudi chini: kwanza chupa, kisha povu, kisha mgongano wa bilauri, na kilichobaki ni nusu kwa mia. Hakuna mtoto aliyejifunza adabu za ulevi kwa kula ndizi. Mwenye arusi akipenda kutuwekea kimea, na asome lebo kwanza, na akiwa na tamarindi nyumbani namwomba atuwekee ukwaju.

Kijana wa Ekerenyo hakukasirika. Lakini ukarimu wa Kikisii hauchoki, na bilauri yangu, iliyokuwa na maji, ilipopungua alinyanyuka na jagi la sharubati ya pakiti, kisha sijui kwa mazoea au kwa utani akashika ile chupa nyingine. Hapo nikakumbuka jambo la Köln. Mikahawa ya mji ule humwaga bia katika vibilauri vidogo, na mhudumu haachi kukuletea kingine mpaka ufunike bilauri yako kwa kile kikadi cha chini yake. Nilipokiona kitendo hicho nilikumbuka Waarabu wetu, ambao hukuongezea kahawa mpaka ukitikise kikombe.

Nikachukua kisahani cha chai cha rafiki yangu Msabato, nikakiweka juu ya bilauri. Kijana alibaki na chupa mkononi, akanitazama, kisha akaangua kicheko mpaka akaketi. Wenzake wakauliza kuna nini, naye akashindwa kuwaeleza.