Shotigani au raifo ndogo? Kwanza sema nani atalala nayo shambani

Vijana wengi mnaofanya biashara Kariakoo na kulima Mkuranga au Kisarawe mnaniuliza: ngedere na nguruwe pori wanamaliza mahindi na mihogo, ninunue shotigani au raifo ndogo ya .22?

Kwa bunduki yenyewe, mimi nachagua shotigani. Unabadilisha risasi tu: marisawa madogo kwa ngedere, makubwa kwa nguruwe, na umbali wa kupiga ni kama mita 35. Raifo ya .22 inalenga vizuri, ila risasi ikikosa inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na mashamba yetu siku hizi yana nyumba kila upande. Nguruwe nayo humjeruhi tu, na aliyejeruhiwa ni hatari.

Sasa swali kubwa: wewe unalala mjini, usiku bunduki anashika nani? Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, silaha ni ya aliyepewa leseni. Ukimwachia mlinzi asiye na leseni, mnaingia matatani wote wawili. Na leseni hiyo si ruhusa ya kuwinda. Wanyamapori wana sheria yao ya 2009.

Kwa hiyo kama hulali shambani, usinunue yoyote. Hiyo hela weka kwenye uzio, mbwa, na mtu wa kulinda mchana, maana ngedere huja mchana. Nguruwe wakizidi, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya mapema, kabla mihogo haijaisha.