Barua ya wazi kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: wastirini waumini

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Vijana wa Kiislamu nchini Tanzania wanabuni programu za simu za nyakati za swala, ada za madrasa na zaka. Nawaunga mkono kwa moyo wote, kwani zaka ikikusanywa kwa uaminifu humpa fundi cherehani mtaji usio na riba. Lakini wanashika amana nzito. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu imani ya dini kuwa taarifa nyeti.

Yaliyoikuta Muslim Pro yanajulikana. Novemba 2020 ilifichuka kwamba programu hiyo, iliyopakuliwa zaidi ya mara milioni 90, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji kwa X-Mode, kampuni ya Marekani iliyoziuza kwa wakandarasi wa jeshi la nchi hiyo. Mtu kafungua simu atafute kibla, nyendo zake zikaingia sokoni! Wenye programu walivunja uhusiano huo baada ya habari kutoka.

Ni kweli, swala ya magharibi Kigoma huingia zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam, kwa hiyo programu lazima ijue uko wapi. Lakini jina la mji tu linatosha, na hesabu yote inaweza kufanyika ndani ya simu bila kupeleka chochote nje.

Zaka ndiyo inayonitia hofu zaidi. Katika makundi manane yaliyotajwa na Surat At-Tawba wamo wenye madeni. Anayeshika orodha yao ameshika siri za nyumba za watu. Dini yetu imesifu kumpa fukara kwa siri. Vipi basi jina lake, picha yake na deni lake vikae kwenye seva asiyojua iko wapi wala nani anaifungua?

Sheria inamtaka mkusanyaji wa taarifa ajisajili kwenu. Kijana anayeanza na kompyuta moja hana mwanasheria wa kumfafanulia hilo. Tunaomba mwongozo mfupi wa Kiswahili, uandikwe pamoja na Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA) na vijana wenyewe, useme wazi taarifa zipi zisikusanywe kabisa, zipi zifutwe na lini, na mpokea zaka alalamike wapi siri yake ikivuja. Utoeni kabla ya Ramadhani ijayo, mwezi ambao wengi hutoa zaka zao.

Wassalaam.