Si Ulimi Uliokauka

Nimesoma hoja kwamba mtu mzima anayesema "ndunia" badala ya "dunia" aachwe alivyo, eti ulimi wake umeshakauka. Nakataa kabisa. Hoja hiyo inamlaumu mwanafunzi kwa kazi ambayo mwalimu hakuifanya.

Kwa mfano, Mbeere wa Ishiara, katika Kaunti ya Embu nchini Kenya, anaitamka d kila siku, ila huitangulizia n. Mama anayeuza ndengu sokoni anayo sauti hiyo tayari. Kinachomtatiza ni kuitoa bila kupitisha hewa puani. Basi abane pua kwa vidole viwili, aseme "dada" polepole. Hewa ikizibiwa njia, n hukatika. Aachie pua, arudie, mara nyingi, bila kuchekwa.

Th ya "thelathini" nayo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kimbeere kina dh, ingawa huandikwa th, kama katika "mũthenya". Ulimi ukae palepale, kiganja kiwe kooni, mtetemo uzimwe.

Kenya ilianzisha kampeni ya kisomo cha watu wazima mwaka 1979, na madarasa hayo, ya ngumbaru, yapo hadi leo. Walimu wa madarasa hayo, mwonyesheni mwanafunzi sauti inapotokea kabla ya kumsahihisha mbele ya wenzake.