Shahidi asigeuzwe mshtakiwa: Kumkumbuka Serge Maheshe wa Redio Okapi

Waswahili husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Jioni ya Juni 13, 2007, mjini Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, mwandishi wa habari Serge Maheshe alikuwa na marafiki zake wawili alipopigwa risasi na watu waliovaa kiraia. Alikuwa na umri wa miaka 31. Marafiki hao walinusurika, wakabaki kuwa mashahidi wa kifo cha mwenzao. Kisha wakakamatwa.

Agosti 28 mwaka huohuo, mahakama ya kijeshi iliwahukumu adhabu ya kifo kwa madai kuwa ndio waliowatuma wauaji. Nguzo ya madai hayo ilikuwa maneno ya washtakiwa wengine wawili, ambao baadaye waliyakana. Mei 2008 mahakama ya rufaa iliwaachia huru marafiki hao. Kwa karibu miezi tisa walimlilia rafiki yao huku wenyewe wakiwa chini ya hukumu ya kifo.

Maheshe alifanya kazi Redio Okapi, iliyoanza kurusha matangazo Februari 25, 2002 kwa ushirikiano wa Umoja wa Mataifa na taasisi ya Hirondelle ya Uswisi. Wakati huo Congo ilikuwa imegawanyika vipande vipande kwa vita. Kituo hicho kilisikika pande zote, kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kikongo na Tshiluba. Mama wa sokoni Bukavu aliweza kusikia kwa lugha yake kilichotokea Kinshasa, bila kusubiri kamanda wa eneo lake amweleze.

Kazi ya namna hiyo huwaudhi wenye bunduki. Miezi 17 baada ya kifo cha Maheshe, Novemba 21, 2008, mwandishi mwingine wa Redio Okapi, Didace Namujimbo, aliuawa kwa risasi katika mji huohuo.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya ndani ya Congo. Hoja hiyo ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, kwa kuwa Bukavu na Rwanda vinatenganishwa na Mto Ruzizi tu, na mawimbi ya redio hayagongewi mhuri mpakani. Tangu Congo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, imekuwa dhaifu zaidi. Mkataba wa Jumuiya unazifunga nchi zote wanachama kuheshimu utawala bora, utawala wa sheria na haki za binadamu.

Mkataba huo una meno kidogo. Mei 15, 2015, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilitamka kuwa baadhi ya vifungu vya sheria ya habari ya Burundi ya mwaka 2013 vinaukiuka. Lakini wiki hiyohiyo, baada ya jaribio la mapinduzi, vituo vya redio binafsi mjini Bujumbura vilishambuliwa na kuchomwa. Hukumu ya Arusha haizimi moto ikiwa serikali hazitaki kuubeba ujumbe wake.

Yapo mambo mawili ambayo nchi wanachama zinaweza kukubaliana bila kungoja mkutano mwingine wa wakuu wa nchi. Kwanza, kesi ya mwandishi aliyeuawa isikilizwe na mahakama ya kiraia, hadharani. Pili, shahidi alindwe, hata ikibidi kuvushwa mpaka na kupewa hifadhi kwa jirani.

Bila hayo, somo la Bukavu litabaki kuwa la kutisha: ukiona rafiki yako anauawa, kimbia, wala usiseme uliona. Mji unaojifunza somo hilo hauhitaji tena mtu wa kuuzimia redio. Utanyamaza wenyewe.

Maheshe alitumia sauti yake kuwaeleza wengine yaliyowapata. Waliomwona akianguka walistahili kusikilizwa kwa heshima hiyohiyo.