Tusiwe Kikosi cha Kusubiri Mlangoni

Makamanda, leo nivumilieni. Naanza na gemu, namalizia na tawi. Ukiona gemu ni mambo ya kitoto, subiri kidogo, utaona ninapoelekea.

Saa sita usiku Chang'ombe hapa Dodoma bado bodaboda zinapita na jirani hajazima mziki. Huo ndio muda wangu wa kucheza, maana bando la usiku ni nafuu na sheria ya mikataba imeshanichosha. Nacheza gemu la zamani kweli linaitwa City of Heroes. Lilitoka Marekani Aprili 2004, mimi bado nabebwa mgongoni. Ni gemu la mtandaoni la mashujaa. Unamtengeneza shujaa wako mwenyewe, unamchagulia nguvu na mavazi, unamwandikia historia yake, kisha unaingia jijini kufanya misheni na watu wa nchi mbalimbali.

Kikosi kinachukua watu hadi 8, na kila aina ya shujaa ina kazi yake. Tanker anatangulia kupokea kipigo. Blaster anashambulia kwa mbali, ila akiguswa kidogo tu yuko chini. Controller anawafunga maadui wasisogee. Scrapper anaingia uso kwa uso. Halafu kuna Defender, ambaye kupiga kwake ni kwa kawaida tu, lakini ndiye anayewakinga wenzake na kuwadhoofisha maadui. Mkiongezeka kwenye kikosi, misheni nayo inaongeza maadui. Mlioipanga vizuri kazi mnapita. Msioipanga mnakufa wote mkiwa wanane.

Sasa sikilizeni jambo lililotokea mwanzoni mwa gemu hilo. Watu waligundua kwamba Tanker mmoja aliyejijenga vizuri anaweza kuzunguka ramani nzima peke yake, akawavuta maadui wote wakamfuata kama ng'ombe wanavyomfuata mchungaji, akawarundika kona moja, wakamalizwa pale pale. Wenzake saba wamesimama mlangoni. Alama zinaingia kwa wote. Watu wakapanda leveli haraka ajabu, na wengine wakafika juu hawajui hata nguvu zao wenyewe zinafanya nini, kwa sababu hawakuwahi kuzihitaji.

Mwaka 2005 watengenezaji wakaingilia. Idadi ya maadui wanaoweza kumfuata mtu mmoja kwa wakati mmoja ikawekewa kikomo cha 17. Kinga zikapunguzwa. Baadaye mwaka huo huo wakabadilisha na jinsi ya kurundika viongeza nguvu vya aina moja. Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa, na wapo walioondoka wakisema gemu limeharibiwa. Lakini kuanzia hapo Tanker alihitaji wenzake, na waliokuwa mlangoni ikabidi waingie ndani.

Niliposoma historia hiyo nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Nililiona tawi.

Sisi tunacheza siasa kwa mtindo wa Tanker mmoja. Kiongozi wa kitaifa akija, uwanja unajaa, bendera zinapepea, kila mtu ana simu juu. Anatukana mfumo kwa niaba yetu, anakamatwa kwa niaba yetu, anapelekwa mahakamani kwa niaba yetu. Sisi tuko mlangoni tunahesabu alama. Akiondoka, tawi linarudi kwenye kundi la WhatsApp kutumiana salamu za asubuhi njema.

Na siyo kwamba hatukupata somo. Kuanzia katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ilizuiwa nchi nzima, mpaka Rais Samia alipoliondoa zuio lile Januari 3, 2023. Hiyo ni zaidi ya miaka sita. Waulizeni kaka na dada zetu waliokuwemo wakati ule: matawi yaliyokuwa yanaishi kwa mikutano mikubwa yalifanya nini ndani ya miaka hiyo? Mengi yalilala. Watawala walihitaji kumzuia mtu mmoja tu kupanda jukwaani, na wengine wote tukawa hatuna kazi. Unakaaje kwenye mapambano ambayo adui akimshika mmoja ameshawamaliza wanane?

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi uwanja uko sawa. Mimi nasoma sheria, Katiba ninayo hapa mezani. Ibara ya 41(7) inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, katika kesi ya Jebra Kambole, ilisema Ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Ibara ipo pale pale. Sheria ya 2024 imebadili jina la Tume ikaongeza neno "Huru", lakini uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama tunachoshindana nacho. Chama hicho kikatangaziwa zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, mitaa na vitongoji. Hata kwenye gemu, mchezaji angepewa ufunguo wa seva na kuandika kanuni, hakuna ambaye angesema hapo kuna mizania.

Ndiyo maana tunadai mageuzi, na mimi nitaendelea kudai mpaka sauti ikauke. Ila kuna jambo moja halihitaji ruhusa ya mtu yeyote: namna sisi wenyewe tunavyogawana kazi.

Novemba ile kuna mgombea mmoja ninayemfahamu alienguliwa. Sababu kubwa iliyoandikwa ilikuwa ya ovyo, haikutakiwa kumwangusha mtu. Lakini fomu niliiona baadaye, na sehemu mbili kweli hazikujazwa. Hakuna aliyeipitia kabla haijapelekwa. Rufaa ilitakiwa iandikwe haraka, kwa lugha ya kanuni, na muda ulikuwa mfupi. Mwenyewe ni fundi baiskeli, alizunguka siku nzima kutafuta mtu wa kumsaidia kuandika. Watu wenye uwezo huo walikuwepo kwenye chama. Siku hiyo walikuwa kwenye mapokezi ya kiongozi, wakipiga picha. Nawajua vizuri, kwa sababu mmoja wao ni mimi. Picha bado ninayo kwenye simu. Nimependeza kweli.

Tangu siku hiyo sichezi tena Blaster.

Nilitengeneza Defender nikampa nguvu za dhoruba. Nikamwita Mleta Mvua. Kwenye nafasi ya historia nikaandika kwamba anatoka Ugogoni, ambako zamani mtemi ndiye aliyetegemewa kwa mvua, na kwamba ukoo wake ulikatazwa kumpa mtoto wa kike kazi hiyo, naye akaichukua. Hapa ndipo raha ya kuigiza mhusika ilipo. Wapo wanaoandika wasifu mrefu kuliko insha zangu za chuo, na mkikutana wanazungumza na wewe kama mhusika wao mpaka mwisho. Sijawahi kukutana na mtu aliyeandika pale, "Mimi ni mwanachama wa kawaida tu, nipo nipo." Kila mtu ana sababu ya kuwepo jijini.

Siku za mwanzo nilifukuzwa kwenye vikosi viwili. Upepo wangu ulikuwa unawarusha maadui huku na kule wakati Tanker anajaribu kuwakusanya. Nilidhani nina nguvu, kumbe nilikuwa naharibu kazi ya mwenzangu. Ikabidi nijifunze: upepo nautumia mwenzetu akizingirwa, na mvua ya barafu naimwaga baada ya maadui kukusanyika, maana hiyo inawaondolea kinga na wengine wanapiga kirahisi. Jina langu halionekani sana. Ila sasa vikosi vinanitafuta.

Hapo nataka kuwaambia dada zangu wa baraza jambo moja. Tawini kazi za kukinga wenzako zinatazamwa kama kazi za wanawake, na kazi za wanawake maana yake kupanga viti, kugawa maji na kuimba mgeni akifika. Tuikatae maana hiyo. Kazi ya kukinga wenzako ni kujua daftari la wapiga kura, kukagua fomu kabla ya kwenda kwa msimamizi, kujua rufaa inaisha muda lini, kuhakikisha mawakala wamekula kiapo kwa wakati na wanajua wadai nini kituoni. Kamanda wa jukwaani hawezi kupona bila hiyo. Tuichukue, na jina lake liandikwe kwenye muhtasari wa kikao kama majina mengine.

Na wanaotaka njia ya mkato nao wapo. Aprili 2009 gemu lile liliwapa wachezaji uwezo wa kubuni misheni zao wenyewe. Wapo walioandika hadithi nzuri sana. Wengi wengine wakatengeneza misheni za kijanja, maadui rahisi waliopangwa ili wavunwe alama, na watu wakapanda leveli bila kutoka nje ya jengo moja. Ikabidi watengenezaji waanze kuwabana. Makamanda wa mitandaoni, hapa tunajijua. Tunapost klipu kali, wafuasi wanaongezeka, tunaitana wanaharakati, na hatujawahi kugonga mlango wa nyumba hata moja mtaani kwetu. Klipu ina kazi yake. Lakini wafuasi elfu kumi hawakai kituoni kulinda kura. Anayekaa ni wakala mmoja mwenye njaa, na swali ni nani alimwandaa na nani atampelekea chakula.

Kuna kitu gemu lile lilipatia tangu mwanzo ambacho sisi hatuna. Mgeni wa leveli ya chini anaweza kufungwa pamoja na mzoefu, nguvu zake zikapandishwa kwa muda, akapigana misheni ya wakubwa na kujifunza humo humo. Sisi mgeni akija tunampa kadi, tunampa kofia, tunamwambia asubiri kuitwa. Miezi mitatu baadaye tunashangaa amehamia kwa wengine kwa elfu ishirini. Napendekeza kila mwenye uzoefu tawini awe na mgeni wake mmoja kwa jina. Akienda kukata rufaa, yuko naye. Akienda kwenye kikao cha kata, yuko naye.

Nimalize na mwisho wa gemu. Agosti 2012 kampuni yenye mali, NCSoft ya Korea Kusini, ilitangaza kulifunga. Maelfu walisaini kuomba lisifungwe. Wachezaji wakakusanyika na mashujaa wao katika uwanja wa Atlas Park, mbele ya ukumbi wa jiji, wameshika mienge. Haikusaidia. Novemba 30, 2012 seva zikazimwa, jiji likapotea.

Lakini haikuishia hapo. Kimya kimya, kuna watu waliendelea kuliendesha kwenye seva ya siri kwa miaka kadhaa. Aprili 2019 siri ikavuja, watu wakalalamika kwa nini walifichwa, na programu ya seva ikatolewa hadharani. Ndani ya wiki chache maelfu wakarudi. Waliendesha seva kwa michango yao na kazi ya kujitolea, na Januari 2024 kampuni ile ile iliyolifunga ikawapa kibali rasmi. Ndiyo hapo ninapocheza mimi usiku.

Fikirini nani alilirudisha. Yule shujaa mkuu wa kwenye kasha la gemu, Statesman, alikuwa ameshauawa ndani ya hadithi mwanzoni mwa 2012. Walioliokoa ni watu ambao hakuna aliyewahi kuwapigia makofi, mmoja anajua seva, mwingine anajua ramani, mwingine anatunza kumbukumbu za misheni. Mwenye mali alizima taa, wao wakawa bado wanakumbuka kila kitu kiko wapi.

Ndani ya chama tunabishana, tuingie kwenye uchaguzi au tudai mageuzi kwanza. Tubishane, ni haki yetu. Ila kazi ninazozisema zinahitajika kwa njia yoyote tutakayoamua. Kikao kijacho cha tawi nitakuja na karatasi yenye safu nne: fomu na rufaa, daftari, mawakala, wageni. Kila safu inahitaji majina mawili, ili mmoja akikamatwa au akichoka, mwingine anajua kila kitu kiko wapi.

Jina langu nimeshaliandika kwenye safu ya kwanza. Fundi baiskeli wetu amekubali kuwa wa pili. Amesema mara hii fomu ataijaza yeye, mimi nikague.

Tukutane tawini. Simu ziachwe mfukoni.