Faini Haifungi Kidonda

Imani hii imeota mizizi maofisini na hata vijiweni: mwajiri mdogo akiacha bima ya fidia ya wafanyakazi wake ikatike, dawa yake ni faini, na kadiri faini inavyonona ndivyo mfanyakazi anavyolindwa. Si kweli. Faini ya namna hiyo humkinga mtu mmoja tu, naye ni mkaguzi aliyelala usingizi.

Chukua moteli moja ndogo ya mjini Denver, jimbo la Colorado, Marekani. Kampuni iliyoiendesha, Dami Hospitality, ilikuwa na wafanyakazi kati ya wanne na kumi. Bima yao ilikatika mwaka 2006, ikarudi 2007, ikakatika tena kuanzia Septemba 2010 hadi Julai 2014. Jimbo likatoza dola 250 hadi 500 kwa kila siku iliyopita bila bima. Siku zilipojumlishwa, takribani 1,700, bili ikasoma dola 841,200.

Watetezi wa faini watasema mwenye moteli hakuwa malaika. Kweli, hakuwa. Alikwishatozwa faini kwa kosa hilohilo siku za nyuma, na utetezi wake kwamba alimtegemea wakala wa bima siupi uzito. Mwajiri asome mkataba anaoulipia. Lakini hebu tuwaulizie wafanyakazi. Kwa karibu miaka minne, aliyefua mashuka na kusugua mabafu pale alilindwa na nini? Angeteleza mwaka 2012 akavunjika nyonga, faini ingekuwa tayari imefika mamia ya siku, kwenye hesabu ambayo yeye haijui na bosi wake hajaletewa. Adhabu inayokua kimyakimya haimtishi mtu. Na ikija kuzuka yote kwa mpigo, ikaifunga moteli, wa kwanza kukosa mshahara ni walewale iliyodai kuwatetea.

Kinachoudhi ni kwamba kampuni ya bima huijua siku ambayo mkataba unakatika. Taarifa moja kutoka kwake kwenda serikalini, na afisa mmoja kugonga mlango wiki ileile, vingefanya kazi ambayo dola laki nane hazikuifanya.

Mwaka 2019, katika kesi ya moteli hiyo, Mahakama ya Juu ya Colorado iliamua kwamba hata kampuni inalindwa na katiba dhidi ya faini iliyopita kiasi. Wapo walioshangilia. Mimi nauona ushindi nusu, maana majaji walisema kinachopimwa ni faini ya siku moja moja, si jumla yake. Haba na haba hujaza kibaba. Mahakama ikapima haba, kibaba ikakiacha.

Hapa Tanzania ugonjwa huu wa adhabu inayojilimbikiza tuliuonja. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kupokea michango mwaka 2015, ulikuwa ukitoza mchango uliochelewa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Miezi kumi tu, deni maradufu. Baadaye riba ikashushwa hadi asilimia 2, na mchango wa sekta binafsi ukatoka asilimia 1 ya mishahara hadi nusu asilimia. Mwenye karakana ya kuchomelea anayelipa mishahara ya shilingi milioni 2 kwa mwezi anachangia shilingi 10,000. Hiyo mtu hulipa, hata kwa kunung'unika. Deni lililoota mbawa hulikimbia: hubadili jina la biashara, huwageuza mafundi wake kuwa vibarua wa kutwa wasio na karatasi, na kijana akikatwa vidole na grainda hapatikani wa kudaiwa.

Msidhani nawahurumia waajiri. Anayewaweka watu kwenye mashine bila fidia anacheza kamari kwa viungo vyao, na aadhibiwe. Ila fedha ya adhabu iende wapi? Colorado yenyewe ilitunga sheria ya mfuko wa kuwafidia walioumia kwa waajiri wasio na bima mwaka 2017, miaka mitatu baada ya moteli ile kuandikiwa bili. Walianzia mwisho. Aliyeumia alipwe kwanza, kisha serikali imdai mwajiri ilicholipa pamoja na ada zote alizokwepa. Na hesabu ya faini ya kila siku ianze siku mwajiri anapokabidhiwa barua ya kosa lake mkononi.